Goti la Mariko

Juzi nilimsindikiza mama yangu kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, maana bega lake limekaza tangu masika. Mhudumu alipofungua kopo la dawa ya kuchua, harufu kali na ya baridi, kama mnanaa uliochanganywa na kafuri, ilijaa chumba kizima. Mama akanitazama. "Mariko," akasema. Sikuwa nimelisikia jina hilo mdomoni mwake kwa miaka mingi. Tulirudi nyumbani tukizungumza mambo mengine, lakini tangu hapo nimekuwa nikiyapanga haya kichwani, na nimewauliza wachache waliobaki. Nayaandika kama nilivyoyaona nikiwa mtoto na kama nilivyokuja kuyaelewa baadaye, kwa sababu ni mambo mawili yasiyofanana.

Mliokulia Tunduma miaka ile, tukiwa bado chini ya mkoa wa Mbeya, mtakumbuka jinsi malori yalivyoanza kutuzidi. Foleni ya kuingia Zambia ilirefuka mpaka madereva wakawa wanafua nguo zao kando ya barabara na kuzianika kwenye vioo vya magari. Kila aliyekuwa na chumba alikipangisha. Baba yangu aliuza vipuri, na nyumba yetu ya mbele pale Chapwa aliipangisha kwa kampuni iliyokuwa ikijenga barabara ya kushuka bondeni Momba. Sisi tukahamia vyumba vya uani: Baba, Mama, mimi, na Bibi mzaa baba.

Mpangaji wetu alikuwa Mjapani, msimamizi wa barabara. Tulimwita Injinia, kana kwamba hakuwa na jina lingine. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi, na kabla ya kuingia ndani alivua viatu na kuvipanga mlangoni, ncha zikitazama nje. Dereva wake, Anko Sikazwe, alikuwa Mnamwanga mwenzetu, kwa hiyo habari nyingi za nyumba ya mbele zilitufikia jikoni kupitia kwake. Nyingi, si zote.

Bibi alikuwa mtu wa heshima za zamani. Kwake msichana hakusalimia akiwa amesimama. Ulishuka, magoti yote mawili yakagusa ardhi, ukakunja viganja kama kikombe na kupiga makofi polepole, ya sauti nzito, huku ukisema shikamoo. Hata ukitoka shuleni na mvua imenyesha, ulishuka kwenye tope. Bibi hakugombeza aliyekosea. Alinyamaza tu, akaendelea kupepeta ulezi kana kwamba hakuna mtu mbele yake, na kunyamaza kwake kuliuma kuliko fimbo.

Mariko alikuja mahindi yakikauka mashambani. Alikuwa binti wa Injinia, mwenye miaka kama kumi na sita hivi, mwembamba, nywele amezifunga nyuma kwa nguvu mpaka nyusi zikawa kama zinashangaa. Kwenye goti la kulia alivaa mkanda mpana mweusi wenye vyuma pembeni, na kila alikopita iliachwa ile harufu ya mnanaa. Asubuhi ya kwanza baba yake alimleta uani kumsalimu Bibi. Akasimama mbele ya mkeka, miguu pamoja, akainama kutoka kiunoni mpaka nikaona kisogo chake. "Shikamoo, Bibi." Alikuwa amejifunza neno hilo njiani.

Bibi aliitikia marahaba, akasubiri. Nilijua anachokisubiri. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Walipoondoka akamwambia Mama, "Binti mzuri, ila magoti yake hayajafundwa."

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Shuleni mwalimu alikuwa ametuambia kwamba Wajapani wana mfalme mkubwa, na katika hadithi zote nilizozijua mtoto wa mfalme hapigi magoti, anapigiwa. Ule mkanda wa vyuma nikauchukulia kama alama ya ukoo wake. Halafu fundi akaja kutengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa chooni kwao juu ya shimo, ili Mariko asichuchumae. Kwangu huo ukawa ushahidi usiopingika: hata chooni alikuwa na kiti cha enzi. Niliwasimulia wenzangu darasani, nao wakasimulia kwao, na ndani ya wiki moja Mama Joisi, jirani yetu aliyeuza samaki wakavu ng'ambo, alikuwa akiuliza bombani kwa sauti ya kusikika, kwa heshima ya kejeli, "Haya, mukwai, binti wa mfalme wenu ameamkaje leo? Mmemfutia kile kiti?" Wanawake wakacheka wakishikilia ndoo zao.

Siku moja Mariko aliniuliza maana ya neno maringo. Nikamwonyesha: nikanyanyua pua juu, nikatembea nikirusha makalio kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Alicheka sana. Kisha akaniuliza ni nani mwenye maringo, na nilipochelewa kujibu, kicheko kikamtoka usoni.

Lakini nisiruke. Kwanza niseme alikuwa nani, kwa sababu hilo tulilijua mapema, tukaliona kwa macho, na bado halikutusaidia.

Injinia alikuwa na deki na televisheni, na Jumamosi moja Mariko alitukaribisha mimi na Mama kutazama kanda. Ilionyesha uwanja mweupe, mkubwa kama kiwanja cha mpira, uliong'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa nta. Msichana mdogo mwenye gauni la bluu akatoka pembeni na kwenda katikati bila kupiga hatua. Alienda tu, kama maji yanavyokwenda. Akaanza kuzunguka, akaruka, akazunguka hewani, akashuka kinyumenyume kwa mguu mmoja huku mwingine umenyooka nyuma yake, na watu wasioonekana wakapiga makofi. "Mimi," akasema Mariko, akijigusa kifua. Mama aliuliza ile sakafu ni ya nini. Mariko akafungua kamusi yake ndogo, akaweka kidole. Barafu.

Mama alikuja kuniambia uani kwamba wageni nao wana uongo wao. Barafu tuliyoijua ilikuwa ile ya rangi, ya vifuko vya plastiki, tuliyoinyonya wakati wa mapumziko. Nani angesimama juu yake?

Taratibu, kwa Kiswahili alichokiokota kwangu na kwa vidole viwili alivyovitembeza juu ya meza kama miguu, alinisimulia maisha yake yote, maana yalikuwa na jambo moja tu. Alianza kuteleza akiwa na miaka mitano. Aliamka kabla ya jua ili awahi uwanja kabla ya shule, na akarudi tena baada ya shule. Uwanja wa mji wao ulipofungwa, bibi yake alimsindikiza kwa treni kwenda mji mwingine, yeye akilala begani kwa bibi. Cha kwanza alichofundishwa hakikuwa kuteleza, kilikuwa kuanguka: uangukie paja, ukunje ngumi ili kisu kilichofungwa chini ya kiatu cha mwenzako kisikupitie vidoleni, uinuke haraka. Cha pili kilikuwa uso. Kocha wake aliwaambia kwamba waamuzi wanatazama uso kabla ya miguu, kwa hiyo uso usiseme kitu. Ukiumia, tabasamu. Alinionyesha tabasamu hilo. Lilikuja mara moja, kamili, kama taa inavyowashwa, na likazimika vivyo hivyo.

Alikuwa amefika mbali. Katika vijana wa nchi yake alikuwa miongoni mwa wale wanaotajwa, na msimu uliofuata kungekuwa na shindano la kuchagua watakaokwenda kuiwakilisha nje. Kwa ajili ya siku hiyo aliongeza mruko mgumu kuliko yote aliyowahi kujaribu. Unaweza kuondoka kwa namna nyingi, alinieleza, lakini kutua ni kule kule: kinyumenyume, mguu wa kulia. Goti likapasuka ndani. Daktari akalishona, akasema apumzike mbali na barafu, na baba yake akaona hakuna mahali palipo mbali na barafu kuliko Tunduma. Angeondoka kabla ya mvua za kwanza, na kama goti lingepona sawasawa, angewahi shindano.

Haya yote alinieleza. Jambo moja tu hakunieleza, na Anko Sikazwe, aliyelijua, alimkataza asilitaje, kwa sababu hakutaka kuonekana mgonjwa: kwamba daktari alimkataza kabisa kulikunja goti hilo mpaka mwisho na kuliegemea. Asichuchumae. Asipige magoti. Ukimwuliza goti linaendeleaje alijibu "zuri", na uso haukusema kitu.

Kila asubuhi alifanya mazoezi kibarazani. Anko Sikazwe alimkatia mpira wa ndani wa tairi la lori, akaufunga kwenye nguzo, na Mariko akauvuta kwa mguu, polepole, akihesabu kwa lugha yao, jasho likimdondoka kidevuni. Mimi nilikaa karibu nikichambua maharage. Wiki baada ya wiki paja lililokuwa limesinyaa likajaa. Akaanza kuendesha baiskeli kuelekea Mpemba na kurudi. Akaacha mkanda wa vyuma, akabaki na kitambaa tu. Wakati watu wanachoma mabaki mashambani na majivu yanaangukia nguo kambani, nilimwona akija uani akidhani yuko peke yake. Alisimama, akavuta pumzi, akaruka. Akazunguka mzunguko mzima hewani na kutua kinyumenyume kwa mguu ule ule wa kulia, akabaki hivyo, mikono wazi, hatikisiki. Bibi alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Ungo wake ulisimama.

"Kumbe ni ndege huyu," akasema Bibi, kwa sauti ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimsifu bila kuongeza neno la magoti.

Zilibaki kama wiki mbili aondoke ndipo baba yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa Bibi, alipofariki hospitalini Mbeya. Aliugua muda mfupi. Msiba uliwekwa kwetu kwa sababu mama wa marehemu alikuwa kwetu. Wanaume walikaa nje kuzunguka moto, wanawake wakajaa chumba cha Bibi, samani zote zimetolewa, mikeka imetandikwa ukutani na katikati ikaachwa saruji tupu. Bibi alikaa kwenye kona ya mbali. Kila mwanamke aliyeingia alishuka magoti pale mlangoni, akatambaa kwa magoti juu ya saruji mpaka kwa Bibi, akapiga makofi yale ya viganja vya kikombe, akalia naye, akarudi nyuma. Ndivyo inavyofanywa. Anayempa pole mama aliyefiwa akiwa amesimama anakuwa kama amesimama juu ya kaburi.

Mimi niliwekwa pembeni ya Bibi ili nimshikie kikombe cha maji, kwa hiyo niliona vizuri.

Mariko aliingia akiwa amevaa kitenge alichoazimwa na Mama. Mama, aliyekuwa karibu na mlango, alimnong'oneza kwamba yeye ni mgeni, asimame tu pale, ainamishe kichwa kama kwao, inatosha. Nimemwuliza Mama kuhusu hili tena wiki hii, na amelirudia vile vile. Mama Joisi alimnong'oneza jirani yake jambo, na yule akafunika mdomo kwa upande wa kitenge. Mariko aliwatazama. Kisha akamtazama Bibi, aliyekuwa analia bila sauti, mdomo wazi.

Akashuka. Goti la kushoto kwanza, halafu la kulia, mpaka chini kabisa. Akaanza kutambaa juu ya ile saruji, polepole, uso umenyooka, na kadiri alivyosogea ndivyo minong'ono ilivyokatika mmoja mmoja. Alipofika kwa Bibi alikunja viganja na kupiga makofi. Alikuwa amenitazama nikifanya hivyo kila siku, na aliyapiga vizuri kuliko mimi, mazito, bila haraka. "Pole, Bibi," akasema.

Bibi alimvuta. Alimkumbatia kichwa kifuani na kumlilia mwanawe juu ya nywele zile zilizofungwa kwa nguvu, akayumba naye mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku akimwita mwanangu, mwanangu, leo umekuwa mwanangu. Hakumwachia. Uzito wa watu wawili ulikuwa juu ya magoti yale, na Mariko hakujivuta. Chumba kizima kililia upya, na nadhani hakuna aliyelia kwa nguvu kuliko Mama Joisi.

Alipoachiwa, aliinuka. Nilisikia kitu, kidogo, kama ganda la karanga linapobanwa. Nikadhani mtu amekanyaga kikombe cha plastiki. Nikamtazama Mariko usoni na nikaona tabasamu lile, kamili, limewaka. Nilifurahi sana. Niliona kwamba binti wa mfalme ameshuka kwa ajili yetu, na kwamba sasa yote yatakuwa mazuri.

Kesho yake hakutoka kibarazani. Keshokutwa yake Mama aliingia kwao na kukuta goti limevimba kama boga, Injinia amekaa sakafuni kando ya kitanda akiwa hajaenda kazini. Walihitaji barafu. Nilitumwa kwa mama muuza barafu wa karibu na shule, nikarudi mbio na ndoo ya vifuko vya rangi nyekundu na ya machungwa. Mariko alivipanga kuzunguka goti. Viliyeyuka vikamchora mguu mistari kama ya mtoto aliyekula embe vibaya, na akasema kwamba hii ndiyo barafu yake ya kwanza tangu afike. Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Mama hakucheka. Anko Sikazwe alikuwa amemweleza mlangoni kile alichokatazwa kukieleza. "Mwanangu, kwa nini hukusema?" Mama akamwuliza. "Sisi tungekuelewa."

Mariko alitafuta maneno. Hakufungua kamusi.

"Bibi amefiwa," akasema. "Mimi niseme goti?"

Bibi aliambiwa jioni ile, jikoni. Akasema, "Siku zote nilikuwa natazama magoti ya watu. Hilo sikuliona." Asubuhi alivaa vitenge vyake vizuri, akafunga kuku jike miguu, akavuka ua kwenda nyumba ya mbele kuongea naye mwenyewe. Gari lilikuwa limeshaondoka na Mariko gizani kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya akapelekwa Dar es Salaam, na kutoka huko kwao. Bibi alisimama kibarazani na kuku wake. Ule mpira wa tairi ulikuwa bado umefungwa kwenye nguzo.

Nimefikiri mara nyingi jinsi maneno mawili tu yalivyokaa pande mbili za ua mmoja yasikutane. Upande wa mbele walijua goti haliruhusiwi kukunjwa. Upande wa nyuma tulijua goti lisilokunjwa ni dharau. Anko Sikazwe, aliyepita katikati kila siku na kula kwetu, alikuwa ameahidi kunyamaza, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Aliniambia haya nikiwa mtu mzima, yeye akiwa na mvi na mgongo mbovu, na aliniambia pia kilichofuata, kwa sababu Injinia alimweleza siku moja njiani. Goti lilishonwa mara ya pili. Mariko alirudi kwenye barafu msimu mmoja baadaye, akaingia shindano moja dogo akiwa ameondoa miruko yote migumu. Watu walimpigia makofi mengi, kama wanavyompigia mtu wanayemuaga. Hakuruka tena.

Nyumbani kwetu kitu kilibadilika ambacho hakikutangazwa. Bibi hakutukataza kupiga magoti. Alianza kutuwahi. Ukija kumsalimu, kabla hujashuka, mkono wake ulikuwa umeshakukamata kiwiko. Mama Joisi akasema bombani kwamba siku hizi kwetu tumekuwa na maringo.

Barabara ilipokamilika, Injinia alikuja uani kuaga. Bibi alikuwa amepungua sana, anatumia jicho moja. Alimwuliza swali alilokuwa akimwuliza Anko Sikazwe kila mara na kujibiwa kwa kukohoa.

"Baba, mwanangu anaruka?"

Wote bondeni walimjua Injinia kwa jambo moja: aliwahi kuamuru kipande kirefu cha lami kichimbuliwe chote kwa sababu unene ulipungua kidogo tu, na hakuna aliyeweza kumbembeleza aseme umetosha. Alisimama mbele ya mkeka, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha togwa.

"Anaruka, Bibi," akasema.

Nikamwamini, na nikaendelea kumwamini mpaka nilipokuwa mkubwa. Bibi alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, polepole, kama mtu anavyopokea habari ambayo hatabishana nayo.

"Basi umwambie," akasema, "nimemwondolea magoti. Hata siku yangu ikifika, popote atakaposikia, asimame wima."

Injinia aliinama kutoka kiunoni, akakaa ameinama hivyo kwa muda mrefu, na Bibi, aliyezoea watu wanaoshuka mpaka chini, hakujua amwitikie vipi.